Kasenga, Mji wa Pwani

 

Neno langu la leo ni fupi, ila kulieleza kutachukua muda. Ninasema Kasenga, mji wetu huu wa Katanga kando ya Luapula, ni mji wa pwani. Mtoto yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha jiografia atanikatalia. Atasema pwani ya Kongo iko kule magharibi, Banana na Moanda, kipande kisichofika kilomita 50, na kwamba kutoka hapa hadi kule, hata ungeruka moja kwa moja kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,800. Bahari ya Hindi iko karibu kidogo, lakini nayo ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtoto huyo amesema kweli kwa ramani ya leo. Mimi nina ramani nyingine mkononi, ile ambayo ardhi yenyewe imekuwa ikiichora na kuifuta tangu kabla hajawapo mtu wa kuitazama.

Chukueni malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga na kuling'arisha wakatengeneza mikufu na visanduku. Ukiuliza limetoka wapi utaambiwa Kolwezi, au Kambove, au Likasi. Ni kweli. Lakini ukiuliza mwamba ulioshika jiwe hilo ulizaliwa wapi, jibu ni kwamba ulizaliwa ufukweni.

Zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita, bara kubwa ambalo wanajeolojia wanaliita Rodinia lilianza kupasuka. Ardhi ya huku ilivutwa, ikatepeta, ikabonyea, na maji ya bahari yakaingia. Bahari yenyewe haikuwa na kina. Ilikuwa na vidimbwi na ghuba zilizotulia, maji yakijaa na kupwa, jua likiyakausha mpaka chumvi inabaki chini. Hapakuwa na samaki wala mti wala jani. Kilichokuwapo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyotanda kwenye tope kama utando, vikanasa vumbi la mchanga, tabaka juu ya tabaka, hadi vikaacha miamba yenye mistari ya mawimbi. Miamba hiyo ipo. Waliofanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines wanaijua: katikati ya tabaka mbili za shaba kuna mwamba mgumu wenye vitundu, ambao wao huutaja kwa herufi tu, RSC. Mchimbaji akipiga nyundo kwenye RSC anapiga ufukwe wa bahari, na mawimbi yaliyochorwa humo ni kazi ya viumbe waliokuwa hai pale pale.

Na shaba? Shaba ilikuja baadaye kidogo, ikibebwa na maji. Maji yenye chumvi kali yana nguvu ya kuyeyusha madini. Yalizunguka katika miamba ya chini, yakabeba shaba na kobalti, yakapanda polepole kupitia nyufa na vinyweleo vya mawe. Yalipofika kwenye tope jeusi la ile pwani, tope lililojaa mabaki ya viumbe na salfa, shaba haikuweza tena kubaki ndani ya maji. Ikaganda hapo. Kwa hiyo ufukwe ndio uliotushikia utajiri. Pasingekuwa na maji yaliyotulia, na chumvi, na uozo wa vijidudu vile, shaba ingepita ikaenda zake, na leo kusingekuwa na Lubumbashi ya kuzungumzia. Mvua za zama za karibu ndizo zilizoiosha shaba ya juu ikawa ya kijani, na kobalti ikawa nyeusi kama makaa. Hiyo nyeusi ndiyo inayotafutwa leo na dunia nzima kwa ajili ya betri, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu sehemu inayofuata ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Juu ya miamba ile ya pwani kuna mwamba ambao Wabelgiji waliuita Grand Conglomérat. Ni udongo uliogeuka jiwe, na ndani yake kumechanganyika mawe ya kila ukubwa, madogo kama punje na makubwa kama kichwa cha mtu, bila mpangilio. Mto haufanyi hivyo. Mto huchambua, mawe mazito huyaacha huku, mchanga huupeleka kule. Barafu hubeba vyote kwa pamoja na kuvimwaga ovyo. Karibu miaka milioni 717 iliyopita, Katanga ikiwa si mbali na ikweta, barafu ilifunika nchi na bahari. Wataalamu wengi wanaamini dunia nzima au karibu yote iliganda. Ikayeyuka, kisha barafu ikarudi, na ilipoisha karibu miaka milioni 635 iliyopita ikaacha mwamba mwingine, Petit Conglomérat, na juu yake, joto liliporejea ghafla, bahari ikalaza chokaa ya rangi ya waridi. Haya yote yameandikwa katika mawe ambayo malori yanayakanyaga kila siku. Wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani wanapanda ndege kuja kuyaona. Wetu wanapita juu yake wakienda shule, na hakuna anayewaambia.

Baadaye, kati ya miaka milioni 550 na 500 iliyopita, bamba la Kongo lililo kaskazini na lile la Kalahari lililo kusini yaligongana. Bahari ikafungwa. Tabaka zilizokuwa zimelala zikakunjwa, zikapinda kama upinde kutoka Kolwezi hadi Zambia. Ndiyo safu ambayo wanajeolojia wanaiita Upinde wa Lufilia. Ile chumvi ya ufukweni, iliyofukiwa chini, ilikuwa laini. Iliposhindiliwa ikateleza, ikapenya, ikakata pwani yetu vipande vipande, vingine vya urefu wa kilomita nzima. Ndiyo maana shaba ya Katanga haiko katika mkanda mmoja ulionyooka. Kuna kilima hapa, kimya kwa kilomita kadhaa, kisha kilima kingine. Wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kumimina misalaba walivijua vilima hivyo karne nyingi kabla mwanajeolojia Jules Cornet hajapita huku mwaka 1892 na kuwaandikia Wabelgiji. Walivitambua kwa kuwa miti haistawi juu yake. Huota nyasi na maua machache yanayostahimili shaba. Na chumvi ya Mwashya, kule bonde la Lufira, iliyowapa watu chakula chenye ladha kabla ya maduka, wataalamu wanaihusisha na masalia ya chumvi hiyo ya kale.

Nyinyi wa Kasenga mkitazama machweo mnaona Kundelungu. Jina hilo linasomwa na wanajeolojia wa mabara yote, kwa sababu kundi zima la miamba limepewa jina la mlima wenu. Juu kabisa ya uwanda ule kuna mchanga wa mwisho uliotandazwa, ambao mgongano haukuufikia kwa nguvu, na bado umelala karibu kama ulivyowekwa. Pale Lofoi ardhi inakatika ghafla na maji yanadondoka karibu mita 340, mojawapo ya maporomoko marefu kuliko yote Afrika. Ukisimama chini na kuinua macho unasoma kurasa za juu za mawe hayo kwa mpangilio.

Sasa swali ambalo kila mwenye akili lazima aulize. Nguvu ya kupasua bara, kufungua bahari na kuifunga tena, inatoka wapi?

Inatoka ndani, na jina lake ni joto. Kutoka hapa ulipokaa hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Mashimo ya Kipushi yanashuka zaidi ya mita 1,000, na walioingia humo wanajua mwili unavyotoka jasho. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote lililowahi kutobolewa, kule Kola nchini Urusi, lilifika kilomita 12 na kidogo. Safari iliyobaki hakuna aliyeifanya. Tunachokijua kimeletwa na matetemeko. Mtikisiko ukitokea upande mmoja wa dunia, mawimbi yake hupita ndani na kutokea upande wa pili; mengine hupinda, mengine huchelewa, mengine hayatokei kabisa kwa sababu hayawezi kupita katika kitu cha majimaji. Kwa kuyasoma hayo, mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, alionyesha mwaka 1936 kwamba katikati ya kiini cha majimaji kuna kiini kingine, ambacho baadaye kilithibitika kuwa kigumu.

Kati ya kiini cha majimaji na gamba tunalolikanyaga kuna karibu kilomita 2,900 za mwamba. Mwamba huo ni mgumu, ungeupiga nyundo ungelia. Lakini ukipewa joto na miaka mamilioni unasogea. Mama anayepika bukari ameona jambo hilo: uji mzito unapopata moto wa chini, wa chini unapanda, wa juu unashuka, na utando wa juu unapasuka. Sehemu ya moto huo imebaki tangu dunia ilipoumbwa, na sehemu nyingine inaendelea kuzalishwa na urani, thoriamu na potasiamu zinazooza polepole ndani ya mawe. Ile urani iliyofanya mgodi wa Shinkolobwe ujulikane kwa mabomu ya 1945 ndiyo hiyo hiyo, ikitawanyika kidogo kidogo katika miamba yote, inayosaidia kuisukuma nchi.

Joto hilo limewahi kuwasha taa Katanga. Mwaka 1952, pale Kiabukwa, kwenye eneo la bonde la Upemba, palijengwa mtambo mdogo wa umeme ulioendeshwa na chemchemi ya maji ya nyuzi 91. Ulitoa takriban kilowati 200 kwa ajili ya machimbo. Ulikuwa wa kwanza Afrika wa aina yake, miaka mingi kabla ya Kenya kufungua mtambo wake wa Olkaria. Kisha ukaachwa. Leo Kenya inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini, na sisi tuliotangulia tuna vijiji vinavyolala gizani kando ya maji yanayochemka. Jambo hili linaniuma, na nadhani linapaswa kuwauma wanaotunga mipango ya umeme ya jimbo hili.

Tuje basi kwenye maji yenu wenyewe, Luapula na Ziwa Mweru.

Afrika inapasuka tena. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita Ethiopia, Kenya na Tanzania. Tawi la magharibi linashuka kutoka Ziwa Albert, linapita Kivu na Tanganyika. Watu wengi wanadhani ufa huo unaishia Malawi na Msumbiji. Lakini kuna mkono mwingine unaochepuka kuelekea kusini-magharibi, nao unapita katika nchi yetu: Upemba kule, Mweru huku. Mabamba yanaachana kwa milimita chache sana kwa mwaka, na huku kwetu polepole zaidi. Ufa haupiti popote unapotaka. Mashariki ya Mweru kuna jabali la Bangweulu, mwamba mkongwe wa karibu miaka bilioni 2, mzito na baridi, usiopasuka kirahisi. Ufa ukifika hapo unakwepa, unafuata kingo dhaifu, zile zile zilizobaki kutokana na migongano ya zamani. Mweru iko kwenye kingo hizo.

Ndiyo sababu ziwa lina sura mbili. Upande wetu wa magharibi ukingo umesimama, mawe na mteremko mkali kuelekea Kundelungu, kama unavyotegemea katika bonde la ufa. Upande wa Zambia nchi inainuka polepole. Chini, ziwa ni sinia pana: lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, lakini kina chake kikubwa hakifiki mita 40. Linganisha na Tanganyika yenye mita 1,470. Tanganyika ni ufa uliokomaa. Mweru bado ni ufa mchanga kwa tabia yake, na Luapula inajaribu kila mwaka kuujaza.

Mwenye mtumbwi Kasenga analijua hili kuliko mimi. Mkiteremka kutoka mjini kwenda ziwani, mto hauendi moja kwa moja. Unagawanyika, unajikunja, unapotea katika matete na mafunjo, vijito vinafungwa na vingine vinafunguka. Hiyo ni delta. Ni mto unaoingia katika maji yaliyosimama, unaishiwa nguvu na kuweka mzigo wake chini. Maji ya ziwa yanapanda na kushuka kwa wastani wa mita 1.7 kwa mwaka, yakijaa karibu na Mei na kupungua karibu na Januari. Kwenye nchi tambarare namna ile, mita 1.7 ni kilomita nyingi za ardhi. Ufukwe wa Mweru unahama kila mwaka, na samaki wanajua. Wanaingia kwenye nyasi zilizofurika kutaga mayai.

Samaki aina ya mpumbu walikuwa wakipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kuzaa, na ndio waliowaleta wafanyabiashara Wagiriki Kasenga, na barafu, na mashua, na malori ya kulisha migodi ya Lubumbashi, wakati huo Elisabethville. Baada ya vita vya pili vya dunia mpumbu walipungua sana kwa kuvuliwa kupita kiasi wakiwa njiani kwenda kutaga, na leo riziki ya wengi ni chisense, samaki wadogo wanaovuliwa kwa taa. Lawama ya hilo ni ya nyavu na tamaa. Lakini ukarimu wa kwanza, ule uliofanya makundi hayo yawepo, ulikuwa wa ardhi iliyobonyea kiasi kile kile: si shimo la maji baridi yasiyo na hewa chini, wala si kijito kinachokauka.

Juu ya mto kuna maporomoko ya Mambilima, yanayowazuia samaki wa Mweru na wa Ziwa Bangweulu wasichanganyike. Na juu zaidi kuna fumbo. Mto Chambeshi unaingia Bangweulu, kisha Luapula inatoka humo ikielekea kusini, inageuka magharibi, halafu inapinda kaskazini kuja kwetu, kama mtu aliyebadili nia katikati ya safari. Baadhi ya wataalamu wa mito, wakisaidiwa na nasaba za samaki, wanaona kwamba zamani maji ya Chambeshi yalikwenda Kafue na Zambezi, mpaka ufa ulipoinua nchi huku na kuishusha kule, mto ukatekwa na Kongo. Bado wanabishana juu ya lini na vipi. Kama wako sahihi, maji mnayochota Kasenga yalikuwa yakielekea Bahari ya Hindi, na ardhi ndiyo iliyoyageuza yaende Atlantiki. Mwaka 1894 mfalme wa Ubelgiji na Waingereza walikubaliana Luapula iwe mpaka wao. Walichukua mstari uliochorwa na ufa wakautumia kugawanya watu.

Nimesema ufukwe unahama. Nawapa ushahidi kutoka kwa jirani yetu, Tanganyika, kwa sababu pale mambo yalitokea mbele ya macho ya watu na yakaandikwa. Mto pekee unaotoka Tanganyika ni Lukuga, pale Kalemie. Msafiri Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta mlango wake umesongwa na majani na tope. Msafiri mwingine, Stanley, alipita 1876, maji bado yamezuiliwa, na ziwa lilikuwa likipanda mwaka hadi mwaka. Karibu na mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi. Mmisionari Edward Hore alikuta mwaka 1879 mto ukishuka kwa kasi. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Ujiji, mji wa Waswahili uliokuwa na majahazi mlangoni, ukaachwa nyuma. Mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, karibu na maji, leo ni mwendo wa miguu hadi ufukweni.

Kisha mambo yakageuka upande wa pili. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Uvira, Bujumbura na Kalemie zikafurika. Nyumba zilizojengwa ufukweni zikaingiliwa na maji. Mvua ndiyo iliyoleta mafuriko hayo. Lakini mvua hiyo iliingia katika chombo chenye tundu moja jembamba, na chombo hicho kimetengenezwa na ufa. Watu walijenga kwenye ardhi iliyokuwa ziwa wakati wa babu za babu zao, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha alama.

Na ufa haufanyi kazi kimya siku zote. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitikisa eneo la Rukwa, kusini mwa Tanganyika; ni miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika katika karne iliyopita. Septemba 1992 Kabalo ilitikiswa na watu wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, ardhi iliteleza chini ya Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, ukubwa wa 6.8. Nyumba zilianguka, watu wakapoteza maisha, na Nairobi, mamia ya kilomita mbali, watu walikimbia kutoka kwenye maghorofa. Februari 2017 ilikuwa zamu ya Kaputa, ng'ambo ya mpaka wetu, si mbali na Pweto: 5.9. Mkinisikia nikitaja Kaputa jueni nataja mkono ule ule wa ufa uliotuchimbia Mweru.

Kabla sijafika mwisho, twende Banana, kwa yule mtoto wa kitabu cha jiografia. Maji ya Luapula yanatoka Mweru kwa mlango wa Pweto, yanaitwa Luvua, yanakutana na Lualaba pale Ankoro, na kutoka hapo yanaendelea kwa Lualaba, kisha Kongo, hadi Atlantiki. Mito mingine mikubwa, kama Nile na Niger, imejenga delta baharini. Kongo haikujenga. Mdomoni mwake kuna korongo linaloanzia ndani ya mto wenyewe na kuendelea chini ya bahari kwa mamia ya kilomita. Tope halipati nafasi ya kukaa. Linateremka humo kwenda vilindini. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 Kongo ilifurika vibaya. Tarehe 14 hadi 16 Januari 2020 tope lililokuwa limelundikana mdomoni likaporomoka. Lilikimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100, kwa siku mbili, kasi ikiongezeka kutoka mita 5 hadi 8 kwa sekunde, likakata nyaya mbili za mawasiliano, SAT-3 na WACS. Intaneti ikadorora kutoka Nigeria hadi Afrika Kusini. Watu walilalamikia kampuni za simu. Kilichokata mawasiliano ni mto wetu.

Sehemu kubwa ya tope la Luapula inabaki Mweru, kwenye ile delta yenu, kwa hiyo siwezi kusema ni udongo wa Kasenga uliokata nyaya. Maji, hata hivyo, yalikuwemo.

Sasa niseme linaloniweka mbele ya kipaza sauti leo. Kwa zaidi ya miaka 100 jeolojia ya Katanga imefanywa na wenye kutafuta madini. Kila kilima cha shaba kimetobolewa, kimepimwa, kimechorwa, na michoro hiyo imefungiwa katika makabati ya makampuni. Sina ugomvi na shaba; imetulisha. Lakini ardhi hii hii ina upande mwingine, wa maji na nyufa na fukwe, na upande huo haujapata hata sehemu ndogo ya uangalifu huo, kwa sababu hauuzwi kwa tani. Mvuvi wa Kashobwe ana haki ya kujua ufa unapita wapi, kama mwenye mgodi anavyojua shaba inapita wapi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina idara ya jeolojia na vijana hodari. Ninawaomba walimu wao wawalete hapa, wakae na wavuvi, wachore ukingo wa ziwa na vijito vya delta, wasingoje mtu wa nje aje kuwafanyia.

Na wanaojenga wanisikilize. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo haivumilii mtikisiko. Ukuta unaachana na ukuta wa pembeni, paa linashuka. Mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka juu ya kuta zote, chini ya paa, unazishika kuta pamoja. Una gharama, lakini shule, kanisa, msikiti na zahanati havipaswi kuukosa. Mlango ufunguke kuelekea nje. Na ukingoni mwa maji, kabla ya kuchimba msingi, muulize mzee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko anayoyakumbuka zaidi, halafu panda juu ya hapo.

Wazee wanaoyakumbuka mafuriko hayo wako hai leo, na hili ndilo ombi langu la mwisho. Kila shule iliyo karibu na Luapula au Mweru ichukue gogo gumu, ilisimike penye maji, ichore mistari ya sentimita kwa rangi, na watoto wasome maji yamefika wapi kila Jumatatu asubuhi, waandike katika daftari moja lisilotoka shuleni. Ukurasa wa kwanza waandike majibu ya wazee: mwaka gani, mti gani, ngazi ya nyumba ya nani. Shule itakayoanza itume habari hapa redioni, nasi tutasoma vipimo vyake hewani kila mwezi, Kasenga kwanza, kisha Kashobwe, Kilwa na Pweto, kama mto unavyokwenda.